Alfajiri ya Kinyonga na Tumbo la Mbuzi

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Mkuu wa rangi ameondoka! Ameacha kazi akafuge kuku. Amesema kuku hawampigii mtu simu kumwomba abadilishe rangi ya manyoya yao. Tumempigia makofi, tumekula biskuti, na kabla makombo hayajafutwa mezani nilikuwa nimeshakikalia kiti chake. Kukijaribu tu. Kinazunguka vizuri.

Bosi akaniona. Akaniomba nishuke. Akasema mkuu mpya atatoka kwa wapaka rangi wawili waliobaki, yaani mimi na Kinyonga, na ataamua Ijumaa, mteja akishaiona filamu. Kisha akaenda zake akitafuna kijiti cha meno. Mama huyu hajawahi kupaza sauti tangu nimfahamu. Ndiyo maana namwogopa.

Jina la Kinyonga nilimpa mimi. Si kwa ajili ya rangi, ni kwa ajili ya mwendo. Anainua mkono, anafikiri, anaushusha juu ya kipanya, anafikiri tena. Kwa muda huo mimi nimeshapaka nyumba, mti na ng'ombe wawili. Fundi Sauti anasema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Sikumwuliza.

Sasa niseme kwa nini moyo hautulii. Mwezi uliopita mama mkwe alipiga simu, akauliza kazi inaendeleaje. Mke wangu alikuwa bafuni. Mdomo ukaniponyoka, nikasema nimekuwa mkuu wa rangi. Alipiga vigelegele hadi nikaiweka simu mbali na sikio. Tangu hapo ameutangazia ukoo mzima, na kikundi chake cha akina mama, na fundi viatu wa mtaani kwake. Na Ijumaa anakuja. Anataka kukiona kiti.

Kwa hiyo kufikia Ijumaa lazima niwe kile ambacho nimeshakuwa.

Filamu yenyewe ni ya katuni, ya watoto. Mbuzi mdogo anatoka nyumbani alfajiri kwenda kuliuliza jua kwa nini huchelewa. Bosi amegawa kazi. Kinyonga: mbingu yote ya alfajiri. Mimi: tumbo la mbuzi. Bosi amesema huyo ndiye mhusika mkuu. Tumbo lake, nikasema moyoni. Tumbo!

Kwa ajili ya wajukuu watakaosoma shajara hii: tunachokipaka kinaitwa gradienti. Ni ukanda wa rangi kwenye kompyuta. Mwisho huu zambarau, mwisho ule manjano, na katikati zinayeyukiana bila mpaka kuonekana. Chini ya ukanda vimepangwa vipini vidogo, kila kimoja kimeshika rangi yake. Ukivuta kipini, rangi inahama. Basi, ni hilo tu. Kinyonga anaweza kuvuta kipini kimoja asubuhi nzima.

Mimi tumbo nimelimaliza kabla ya chakula cha mchana. Ukanda mpya wa nini? Tuna ghala la rangi ambalo ofisi nzima huchota humo, na humo upo ukanda unaoitwa Alfajiri, ule ule anaoutumia Kinyonga kwa mbingu yake. Nimelifunga tumbo kwenye ncha yake ya machungwa na nyeupe, likapendeza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Halafu nimekaa. Nimesimama. Nimeenda kukitazama kiti. Nimerudi.


Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Nimeamka na mpango. Mzuri! Mwepesi! Hauhitaji hata kompyuta.

Ni hivi. Ukimsifia mtu kwa huruma, unammaliza. Nikamwendea Fundi Sauti. Huyu bwana anashinda na vifaa vya kusikilizia masikioni, lakini havijachomekwa popote, kwa hiyo husikia mambo ya ofisi nzima. Nikamnong'oneza kwamba namhurumia Kinyonga. Macho yake, maskini. Nyekundu na kijani hayazitofautishi tena vizuri. Nikamsihi asimwambie mtu.

Alimwambia mtu kabla sijafika mezani kwangu.

Saa nne Bosi akatoka ofisini kwake. Nikajinyoosha shati. Akasema kwa sauti yake ile ya chini kwamba amesikia mwenzetu anasumbuliwa na macho, na hapa kazini hatuachani kwenye shida. Kwa hiyo kuanzia leo Kinyonga atatumia kile kioo kikubwa cha kompyuta ya mkuu, ambacho hata nukta moja ya rangi ikikosea inaonekana. Akaomba mwenye nguvu asaidie kukihamisha.

Nikasaidia. Nilibeba upande mzito.

Kioo hakikutosha mezani kwa Kinyonga, ikabidi meza yangu isogezwe. Sasa nakaa kando ya birika la chai. Kila anayetaka chai ananiomba nipishe. Kila maji yakichemka kioo changu kinaingia ukungu. Tumbo la mbuzi nalitazama kama mtu anayetafuta barabara kwenye mvua.

Kinyonga alikuja kunishukuru. Alisema macho yake ni mazima, hajui maneno hayo yametoka wapi, ila kioo ni kizuri na nimejisumbua kukibeba. Akaniita kaka. Sina undugu naye.

Nyumbani mke wangu akauliza mbona napiga meza kwa vidole. Nikasema ni wimbo. Akauliza wimbo gani. Nikaenda kulala.


Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Leo nimetambua kosa langu. Nilihangaika na mtu badala ya kuhangaika na kazi. Kazi ndiyo inayosema! Bosi akiona mbingu iliyopakwa na mkono wangu, mjadala umekwisha.

Nimeichunguza alfajiri ya Kinyonga kwa jicho la chuki, ambalo huona vizuri kuliko yote. Vipini vinne. Vinne! Mbingu nzima! Zambarau, waridi, machungwa, nyeupe yenye manjano, basi. Nikamwuliza kijuujuu hiyo waridi ya nini. Akanieleza kwamba ukiipeleka zambarau moja kwa moja kwenye machungwa, zinakutana katikati zikawa matope, kwa hiyo unaziwekea mshenga. Mshenga! Mtu mzima na akili zake anaziposea rangi.

Akaenda kula. Anatafuna kama anavyopaka, nikajua nafasi ninayo. Nikaufungua ukanda wa Alfajiri ghalani, nikaanza kuutajirisha. Kipini cha damu ya mzee. Kipini cha bluu. Cha dhahabu, cha samli, cha kijivu kwa ajili ya umande. Kama vinne vinapendeza, ishirini vitafanyaje? Moyo ulikuwa unadunda kama wa bwana harusi. Nikauhifadhi, nikarudi birikani, nikaomba chai ambayo sikuihitaji.

Bosi akapita. Akasimama mbele ya kioo kikubwa. Akasimama sana. Nikasogea nisikie sifa.

Akauliza nani ametandika shuka angani.

Nikatazama. Mistari! Mbingu yote mistari, juu hadi chini, kama godoro la hosteli. Vipini vilikuwa vimebanana kiasi kwamba hakuna rangi iliyopata pa kuyeyukia. Bosi akarudia swali, safari hii kwa sauti ya chini zaidi. Mimi nikatazama feni ya darini, ambayo ilihitaji kutazamwa na mtu. Kinyonga, mdomo bado una chakula, akasema huenda mkono wake ulipitiwa. Akaomba radhi yeye! Akavitoa vipini vyangu kimoja kimoja, kwa upole, kama anamtoa mtoto miba.

Fundi Sauti akasema mbuzi naye leo mbavu zimemtoka, labda hajala. Kila mtu na mzaha wake. Sikumjali.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwa sababu nisingeweza kukaa kitini. Kinachoniuma si kushindwa. Kinachoniuma ni kwamba aliomba radhi kwa kosa langu huku akinitazama mimi, na hakuwa na hasira. Afadhali angenipiga.


Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Mama mkwe amepiga simu kabla sijavaa viatu. Anauliza kiti ni cha rangi gani, ili ashone nguo inayoendana nacho. Nikasema bluu. Akasema ndivyo alivyodhani, bluu ni rangi ya wakubwa.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Akauliza kama kuna jambo nataka kumwambia. Nilitaka. Ulimi ulikuwa umeshainuka. Nampenda mke wangu na namwogopa mama yake, na katikati hisia hizo mbili zinayeyukiana hata sijui moja inaishia wapi. Nikasema hakuna. Akafunga mlango taratibu mno.

Ofisini Kinyonga akanijia na kikombe, akaanza kunieleza mambo ya ukanda, ghala, kunakili, kutenganisha, yaliyotokea jana yasijirudie, na tumbo langu nami niliangalie. Ana sauti ya mtu anayesoma karatasi ya dawa. Nilitikisa kichwa kila alipovuta pumzi. Akilini mwangu mpango mwingine ulikuwa umeanza kutoa moshi.

Huu hapa. Niliwaza kuwa bora kuliko yeye: hapana. Niwe mwokozi! Leo jioni kompyuta kubwa inaitoa filamu yote tayari kwa kesho. Kabla ya hapo naingia ghalani, nashika kipini cha tatu cha Alfajiri, kile cha karibu na upeo, naigeuza machungwa yake kuwa kijani. Kijani cha chura. Kesho, mbele ya mteja, jua la Kinyonga linachomoza kwenye dimbwi. Watu wanashika vichwa. Ndipo nainuka, kompyuta iko magotini pangu, nasema maneno machache ya busara, navuta kipini mbele ya macho yao, kumekucha! Nani mkuu wa rangi? Hata mtoto atajibu.

Nimefanya. Mara moja tu, kipini kimoja, kazi ya kupepesa jicho. Sikuifungua mbingu kutazama, mwizi haangalii nyuma. Kinyonga alikuwa mbele ya kioo chake akipapasa waridi, hakuona kitu. Bosi akapita akiuliza kila mtu kama amekagua sehemu yake, maana mkuu wa kutukagulia hatuna. Kinyonga akasema amekagua mara mbili. Mimi nikasema nimekagua mara tatu.

Nimeandika hotuba. Nimeifanyia mazoezi mbele ya birika. "Samahani jamani, rangi imeharibika, lakini yupo wa kuiokoa." Birika lilifurahi.


Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Acha niandike kabla sijalala.

Mama mkwe alifika kabla ya mteja. Bluu! Kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Hakuuliza njia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mkuu, akakaa, akakizungusha, akasema hapa ndipo. Kinyonga akampa maji. Fundi Sauti akavua vifaa vyake masikioni, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu yeyote.

Bosi akatoka. Mama mkwe akajitambulisha kuwa mama yake mkuu wa rangi. Bosi akageuka akanitazama. Kijiti cha meno kikasimama. Kisha akasema karibu sana mama, akamletea mto wa mgongoni.

Mteja akaja, mama mmoja mnene mwenye miwani, anayenunua vipindi vya watoto. Tukaingia chumba cha maonyesho, mama mkwe mbele kabisa. Taa zikazimwa. Nikaiweka kompyuta magotini. Mimi sikuangalia filamu, niliangalia uso wa mteja, kwa sababu hapo ndipo ushindi wangu ungeonekana kwanza. Muziki ukaanza. Jua likaanza. Uso wa mteja ukabadilika. Ndio huo! Nikaruka.

Samahani jamani, nikasema, rangi imeharibika, lakini yupo wa kuiokoa!

Bosi akauliza rangi ipi.

Nikageuka. Zambarau inaingia kwenye waridi, waridi kwenye machungwa, machungwa kwenye mwanga, na sikuona mahali popote zilipokutana. Hapakuwa na kijani hata cha dawa. Ilikuwa alfajiri nzuri kuliko zote nilizowahi kuziamkia. Hapo ndipo karatasi ya dawa ya jana ikanirudia, neno kwa neno: Kinyonga ameinakili mbingu yake, ameitenga, haichoti tena ghalani. Aliyebaki anachota kwenye ule ukanda ni mmoja tu.

Mbuzi akatoka nyumbani. Akapiga miayo. Akajinyoosha, akalala chali, na tumbo likajaa kioo kizima. Kijani! Kijani cha chura, kinachong'aa, na katikati kinafifia kuwa cheupe kama uji uliochacha.

Mama mkwe akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Mungu wangu, mbuzi kaoza!"

Nikafanya ambacho mtu yeyote mwenye familia angefanya. Nikamnyooshea kidole Kinyonga. Nikasema ni yeye, alfajiri yote ni yake, hakuna rangi iliyoingia pale bila mkono wake, na kwamba mimi nimemwonya mara nyingi. Niliongeza na huzuni kidogo sautini.

Ndipo nikasikia sauti ya ajabu gizani. Mteja alikuwa anacheka. Alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Akasema miaka yote ya kazi hii ameonyeshwa mbuzi weupe, weusi, wa madoa, lakini huyu amekula majani na majani yanaonekana yalikokwenda! Mtoto hahitaji kuelezwa! Akasema anataka filamu nyingine za mbuzi huyu, akila embe, akila mkaa, akila kitabu, na kila mara tumbo liseme. Akauliza ni nani mwenye akili hiyo.

Watu wote walikuwa wanamtazama Kinyonga. Kidole changu kilikuwa bado kiko hewani.

Kinyonga akasema si yeye. Mteja akasema tazama unyenyekevu huo. Akasema tena kwamba kweli si yeye. Mteja akampigia makofi. Bosi akasema basi, imekwisha, Jumatatu Kinyonga anaanza kazi ya ukuu. Mama mkwe akauliza ukuu wa nini. Wa rangi, mama. Akauliza, na huyu wangu je?

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka, kwa kuwa ofisi yetu iko ghorofa ya tatu.


Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Mama mkwe hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Amekunywa chai, amekunja kile kitambaa cha bluu, na ametamka neno lake. Kwamba yeye ameshawaambia watu. Kwamba katika umri wake harudi kwao kuitwa mwongo kwa ajili ya mkwe. Kwa hiyo atakaa hapa hapa mpaka mimi niwe mkuu wa rangi, hata ikichukua miaka, yeye hana haraka. Amechukua chumba cha watoto. Watoto wamehamia kwetu. Mimi nimehamia kwenye kochi, ambalo ni fupi kuliko mimi.

Mke wangu alinikuta nimekaa hapo na viatu. Akauliza kwa nini sikumwambia yeye. Nikasema nilitaka anione mkubwa. Akasema hakuolewa na cheo. Aliolewa na yule mtu aliyemsimamisha barabarani kwenye mvua kumweleza kwamba mwavuli wake si mwekundu, ni rangi ya tofali lililolowa, na alipoutazama tena akaona ni kweli. Akasema mtu huyo anamkumbuka sana.

Nililia. Kidogo. Nimeandika kidogo kwa kulinda heshima yangu.

Nimemshika mkono, nimemwahidi. Kuanzia leo, kweli tupu. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeufikia mwisho wake, nimeugusa ukuta. Hakuna mpango tena, hakuna njama. Akanitazama akasema anaomba iwe hivyo. Ni ajabu jinsi kifua kinavyokuwa chepesi. Nimelala mchana kama mtoto, miguu ikining'inia.


Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Siku ya ajabu! Ngoja niiandike kwa utaratibu, kama nitaweza kutulia kitini.

Asubuhi Kinyonga hakukalia kiti. Alikuja birikani, akavuta stuli, akakaa karibu yangu, akafikiri kwa kadiri yake. Kisha akasema anajua. Tumbo ni kazi yangu, na ukanda wa Alfajiri haukuwa na mtu mwingine anayeutumia isipokuwa mimi. Aliyeweka kijani ni mimi, hata kama nilikuwa nalenga kwingine. Nikaanza kukohoa. Akanipa maji, akasema hana kinyongo. Akasema kijani kile, hata kama kilipita njia mbaya, ndiyo rangi bora kuliko zote kwenye filamu, kuliko hata mbingu yake.

Halafu akasema hataki ukuu! Mikutano inamchosha. Kuharakisha watu hawezi, mkono wake wenyewe hauharakishiki. Ameshamweleza Bosi tangu Ijumaa kwamba kijani kile si chake, lakini Bosi anadhani ni unyenyekevu. Bosi amesema ataamini mwenyewe akija kusema kwa kinywa chake. Kinyonga akanishika bega. "Nenda kaka," akasema, "sema tu kijani ni changu. Kiti ni chako, na mama yetu ataenda nyumbani kwake na furaha."

Nikainuka. Kutoka birikani hadi mlango wa Bosi si mbali. Nilianza safari nikiwa na furaha kiasi cha kuona aibu. Kweli tupu! Nilimwahidi mke wangu kweli, na kweli hii hapa imekuja na kiti cha kuzunguka!

Nikafika kwenye kabati la makaratasi, nikapunguza mwendo. Mbona rahisi hivi? Mtu ameshapewa cheo, halafu anakugawia wewe, bure, na maji ya kunywa juu? Tangu lini? Kiti hakitolewi, kiti kinanyang'anywa. Na nikisema kijani ni changu, si wataniuliza kilifikaje? Si watajua niliingia ghalani? Si nitafukuzwa, naye abaki na kiti chake na kioo chake? Nikageuka nyuma. Kinyonga alikuwa ananipungia mkono anitie moyo. Ananitia moyo! Taa zote kichwani zikawaka. Mtego! Yule mtu mpole, mwenye chai na radhi zake, alikuwa wiki nzima ananichimbia shimo kwa mwendo wake ule ule. Simba mwenda pole!

Na mimi nilikaribia kutumbukia, kwa sababu ya kulala vizuri siku moja tu.

Bosi alinikaribisha nikae. Akafanya ambacho sijawahi kukiona. Alitoa kijiti mdomoni, akakiweka kando. Akaniambia nisiogope, yaliyopita yamepita, anachotaka ni kujua tu. Kijani kile cha tumboni, ni kazi yangu?

Nikaapa! Mikono yote miwili juu. Nikasema sijawahi kukigusa kijani hicho, wala sikipendi tangu utoto. Kazi yote ni ya Kinyonga, sifa zote ni za Kinyonga, na kama amewahi kusema vinginevyo, anatafuta kuhurumiwa. Nikaomba atangaze hivyo mbele ya watu wote ili pasiwe na shaka tena milele.

Bosi akasema alikuwa anatumaini jibu jingine. Kisha akakirudisha kijiti mdomoni, akatoka, akatangaza.

Kinyonga akakalishwa kitini. Alikaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Akanitazama kwa huzuni kubwa sana. Ndivyo wanavyokuwa watu mtego wao ukiteguka ukiwa mtupu. Mimi nikamtabasamia, nikapisha mtu mwenye kikombe.

Nimeingia nyumbani karibu nikimbie. Mke wangu na mama yake walikuwa sebuleni. Wakauliza imekuwaje. Nikawaambia watulie: leo ofisi nzima ilikula njama ya kunipa ukuu, lakini nimewashtukia, nimeukataa katakata. Wakatazamana. Mke wangu akaomba nirudie, polepole. Nikarudia, polepole. Akaketi. Akafunika uso kwa mikono, nadhani kwa kuzidiwa na fahari.

Mama mkwe akainuka, akaenda kupiga simu kwao aletewe nguo zake zilizobaki, na kitanda chake, na cherehani. Bila shaka anataka kunishonea suti.